Ule Mukanda Uliosema Umeutupa mu Choo

Mpendwa Chui,

Usicheke. Najua unacheka huko uliko na yale meno yako mawili yaliyobaki, lakini leo funga kinywa. Mimi mutani wako nakuandikia na hasira, na hii siyo ile hasira ya kuchekesha bantu ku kilio. Nimekaa mbele ya mulango wangu hapa Kamalondo, kalamu inavuja wino sawa pua ya mutoto, na weye unajua nilisoma kwa mapadri mpaka ile siku walipogundua nani anakunywa divai ya misa. Basi kama maandishi yanapinda, pindisha shingo usome.

Juma lililopita tulikuzika ku Kasungami. Nilikutukana vizuri, ao siyo? Nilisema mbele ya bantu wote kama weye ni mujinga, kichwa chako kilijaa mifupa tupu mpaka akili ilikosa pa kulala, na udongo wa Kasungami utapata kuhara kwa kukula muntu mubishi namna hii. Mama mumoja alicheka mpaka akaangusha sahani ya bukari. Bazee balikuwa banapiga makofi: "Aah, mutani huyu anajua kazi yake!"

Kazi gani? Mimi sikuwa ku kazi, Chui. Nilikuwa nasema ukweli.

Na hii ni mara ya pili. Maisha yetu yote pamoja nilisema nawe ukweli mutupu mara mbili tu, na zote mbili bantu balicheka. Mara ya pili ulikuwa mu sanduku, nakusamehe. Mara ya kwanza ulikuwa muzima, umesimama mbele yangu na mapaja yako kama magogo, na ulicheka kuwashinda wote. Ile njo inaniuma mpaka leo.

Wale bazee wa kule Luapula walitufunga pamoja mbele hatujazaliwa. Ukoo wako wa chui, ukoo wangu wa mbuzi: chui anakula mbuzi, basi watoto wao ni batani mpaka mwisho wa dunia. Naweza kukutukana mama, unaweza kuninyang'anya kofia njiani na kwenda nayo, na mwenye kukasirika njo mwenye aibu. Na mumoja akifa, mwingine anamuosha, anamuvalisha, anamutukana na kumuzika. Ni desturi nzuri. Inazuia vita. Lakini bazee walisahau kutuachia kitu kimoja kidogo: neno la kusema kama leo sichezi.

Unakumbuka vile tulivyoingia Élisabethville, mu lori ya samaki ya Kasenga? Ulikaa juu ya magunia ya makambale, na tulipopita Kasomeno ukaita bamama wa soko: "Kamateni huyu mbuzi, ametoroka kwa mwenyewe!" Wakanikamata kweli. Lori ikaenda. Nilikimbia nyuma yake mpaka karibu roho itoke, na weye juu umelala unacheka. Sikukasirika. Siku tulipofika nilimwambia karani wa kambi ya kampani kama ugonjwa wako wa ngozi unaambukiza, akakulaza peke yako ku veranda na mbu. Ulikasirika? Hapana. Ndivyo tulivyoishi.

Kampani ikakuweka weye ku tanuru, kupakia matofali ya mukuba, ile shaba nyekundu, mu wagoni. Chutama, shika, simama. Chutama, shika, simama. Mimi wakaniweka mu atelye, kushona mikanda ya mashine, ile mikanda mirefu ya ngozi inayozungusha magurudumu juu ya dari. Weye ukapata mapaja, mimi nikapata vidole. Kampani ikakupa nyumba mu kambi, matofali mekundu, mulango wa mbao, na muke wako Mama Yustina akapanda maua mbele yake kama bibi ya muzungu. Alikuwa anaosha ule mulango na sabuni. Mulango!

Na kisha Sajenti akaja na chuma chake.

Yule Sajenti naye nina neno naye, lakini alikufa zamani na hakuwa mutani wangu, basi siwezi kumutukana bure. Muzee wa jeshi, miguu imepinda, filimbi shingoni. Alipata chuma cha kati cha wagoni ndogo ya mugodi pamoja na magurudumu yake, akakiweka nyuma ya sale, ile nyumba kubwa ya michezo, akaita vijana wa site, mutaa wetu: "Atakayechutama na hii ku mabega na kusimama, huyo njo mwanaume." Mu Jumapili chache kila kijana wa Kamalondo alikuwa anatembea na mikono mbali na mwili, sawa kuku anayekausha mabawa. Na weye ulikuwa wa kwanza kati yao. Hapa sikutanii. Sajenti alikuwa anaita, "Vuta pumuzi! Jaza tumbo! Shuka!" na ulikuwa unashuka pole pole mpaka matako yanabusu visigino. "Panda!" na unapanda sawa mukate mu foro ya moto. Hata mimi mbuzi nilikuwa na kiburi nawe, nikikwambia tu unanuka.

Lakini mutani anaangalia. Weye ulidhani nakuangalia nipate cha kutukana, na ndiyo, lakini macho ni yale yale. Nilikuona unavyoosha miguu: zamani ulikuwa unainama, sasa unaomba Mama Yustina apandishe beseni juu ya kiti. Nilikuona unatoka ku chuma, unaweka kidole gumba pale chini ya mugongo, unakisukuma, kisha unaangalia kando kando kama kuna muntu ameona. Mimi niliona.

Mu siku zile muzungu mumoja wa tanuru, mufupi, kifua kama pipa, alileta mukanda ku atelye nimushonee bukle, kile chuma cha kufungia. Mukanda mupana sawa kiganja, ngozi nzito. Nikamuuliza kama ni wa suruali ya nani, ya tembo? Akacheka, akanionyesha. Akajifunga, akavuta pumuzi, akaniambia, "Piga hapa." Nikapiga tumbo la muzungu na ngumi, Chui, bila kufungwa mu gereza, siku nzuri sana ile. Lilikuwa gumu sawa ukuta. Akaniambia mukanda haunyanyui kitu. Chuma kikiwa chepesi, uache, tumbo lifanye kazi yake lenyewe. Lakini siku ya chuma kizito, ya kizito kabisa, tumbo linahitaji kitu cha kusukuma, na likisukuma vizuri mugongo unapata nguzo mbele yake. Kitu cha kusukuma tu. Nikaelewa mara moja. Mukanda wa mashine ni vile vile: ukilegea, unaweza kuwa na mashine ya nguvu namna gani, inazunguka bure.

Basi nikakata kipande mu mukanda uliochakaa, uliotupwa nyuma ya atelye. Nikaupaka mafuta, nikaushona kando mara mbili na uzi wa nta, nikaweka bukle mbili za farasi, nikatoboa matundu na chombo changu, matundu ya mviringo, safi, yamejipanga sawa watoto wa komunyo ya kwanza. Sikuwahi kushona kitu kizuri kama kile, hata viatu vya ndoa yangu. Na nikakuletea mbele ya wote nyuma ya sale, kwa sababu ya ujinga wangu sikufikiri kukuita kando.

"Mbuzi analeta kamba kumufunga chui!" Weye njo ulianza.

"Chui, vaa. Ni ya mugongo."

"Ya mugongo inafungwa ku tumbo? Bantu, sikieni mbuzi!"

Na yule kijana wa reli, mwenye sauti ya tarumbeta, akaita: "Ni ya muzazi! Baba Yustina amezaa! Leteni uji!" Hapo ikawa kwisha. Kwa sababu kila muntu pale ameona mama yake ao bibi yake ametoka kuzaa, tumbo limefungwa na kitambaa kwa nguvu ili lirudi pale lilikuwa. Bukle mbili na ngozi ya mashine, bao baliona kitambaa cha muzazi. Wakakuzunguka. Mumoja akakubebesha jiwe sawa mutoto. Sajenti mwenyewe, muzee muzima, akasema, "Tumbo ya mwanaume iko mukanda yake," na wakapiga makofi, kama vile amesoma Injili.

Nikasema, "Chui, leo sichezi."

Kicheko.

"Nilikuona na kile kidole gumba. Nilimuona Mama Yustina na lile beseni."

Kicheko zaidi, na mumoja akauliza kama ninalala chini ya kitanda chenu.

Nikaapa: "Haki ya mama yangu!" Na weye, machozi ya kicheko mu macho, ukanijibu: "Mama yako? Yule niliyemuoa?" Uliona? Kiapo chenyewe tulikuwa tumekitumia miaka yote kwa mizaha. Nilitafuta neno la kusema sichezi hata mu Kifaransa. Nilisema, "Sérieusement!" Wakaanguka chini. Nilikuwa sawa muntu anayezama mutoni na kila akiita msaada bantu banasema, ona vile anacheza vizuri mu maji.

Na usiniambie hukusikia. Hiyo njo hasira yangu ya kwanza, kubwa kushinda zingine. Ulisikia. Jumapili ya mashindano na vijana wa reli, sale imejaa, bamama bamevaa vikwembe vya misa, nilikuja na mukanda ku bega. Nilisimama tu karibu ya chuma. Walikuwa wameongeza magurudumu mengine kila upande, na chuma kilikuwa kimepinda katikati kidogo sawa upinde. Uliangalia chuma. Uliangalia mukanda. Ukanyoosha mukono, Chui! Vidole vyako viligusa bukle. Niliona uso wako, na haukuwa uso wa mutani. Ulikuwa uso wa muntu anayeuliza.

Na ile tarumbeta ya reli ikaita nyuma kabisa: "Muzazi, mutoto iko wapi?"

Ukarudisha mukono. Ukanikonyeza jicho, ukasema kwa sauti ili wote basikie, "Mbuzi, nenda ukajifunge weye. Nasikia ni mapacha."

Sale nzima ikacheka, na ukaingia chini ya chuma.

"Vuta pumuzi! Jaza tumbo! Shuka!" Ulishuka vizuri. Nasema ukweli, ulishuka vizuri. "Panda!" Ulipanda mpaka nusu, na pale kati ukasimama, sawa muntu aliyesahau kitu nyumbani. Kisha nikasikia ile sauti. Ndogo sana. Sawa uzi wa nta unavyokatika. Bamama walipiga yowe kwa sababu ya kelele ya magurudumu yakianguka, lakini mimi sikusikia magurudumu. Mutani anasikia mutani wake.

Mambo mengine unayajua, lakini nayaandika kwa sababu nimekasirika na wino ungaliko. Daktari akasema hutachutama tena na mzigo. Karani akasema mugongo haukuvunjika ku kazi, ulivunjika ku mchezo, siku ya Jumapili, basi kampani haiujui. Asiyepakia mukuba hana nyumba ya kampani. Mama Yustina aliosha ule mulango mara ya mwisho na sabuni, kabla ya kuwapa wengine. Nilimwambia, "Shemeji, acha, wataosha wao." Akanijibu, "Sitaki baseme nilikuwa muchafu." Nilibeba vyungu vyenu mpaka Kasungami ku baiskeli, ile kinga yangu, na weye ulikuwa unatembea nyuma na fimbo, unaniambia nimebeba chungu sawa muntu anayeiba.

Na Kasungami ukalima viazi, umekaa chini. Muntu wa mapaja yale, anakokota matako mu tuta sawa mutoto anayejifunza kutambaa! Kila nilipokuja kukusalimu tulikunywa munkoyo, tulitukanana mpaka jua linaanguka. Siku moja tu nilikuuliza ule mukanda uliishia wapi. Ukajibu bila kuangalia: "Nilitupa mu choo. Ilikuwa inanuka mbuzi."

Nilicheka. Ulitaka nifanye nini? Desturi ni desturi. Lakini nilirudi Kamalondo ile siku nikisukuma kinga kwa mikono, siwezi kupanda juu yake. Ile kazi yangu nzuri kushinda zote, mu choo. Na nilikuamini, mwongo weye. Nilikuamini mpaka juma lililopita.

Sasa sikia hasira ya pili.

Nilifika na beseni na sabuni kukuosha, sawa desturi. Nikafukuza bantu wote mu chumba. Mama Yustina akabaki. Alikuwa anashika kitu ndani ya kikwembe chake, na anaangalia chini. Nikamwambia, "Shemeji, kama ni pombe, tugawane." Hakucheka. Akafungua kikwembe.

Ngozi ilikuwa nyeusi kwa jasho. Bukle zimekwaruzika. Uzi wangu wa nta ungalipo wote, hakuna hata mushono mumoja umeachia, na hilo nataka lisikike.

"Kila siku," Mama Yustina akasema. "Chini ya shati. Asubuhi mbele ya kwenda mu shamba, nilikuwa namufunga mimi mwenyewe. Weye ukionekana njiani na kinga, anasema, 'Toa, toa upesi, Mbuzi iko anakuja!' Natoa, naficha chini ya muto."

"Kwa nini?"

"Alisema ukijua utamucheka mpaka kifo."

Chui! Ndiyo, ningekucheka! Ningekucheka mpaka bamama wa Kasomeno basikie. Ningekuita muzazi mbele ya padri. Ningekuletea uji kila Jumapili. Na halafu? Ungekufa kwa uji? Miaka ile yote ulikuwa unatolewa mukanda kwa sababu yangu, ukakaa mbele yangu na mugongo wazi, unakunywa munkoyo, unaumia, na unanitukana mama, na mimi nakutukana wako, tunacheka, mabwege wawili.

Na siyo hiyo tu. Nilipochukua mukanda ku mwangaza wa dirisha, niliona matundu. Matundu yangu ya mviringo yalikuwa upande mumoja, na baada yake kulikuwa na mengine. Ulikuwa umekonda mwaka baada ya mwaka, na kila ulipokonda uliongeza tundu. Na musumari! Musumari na jiwe, Chui, ku ngozi yangu! Yamepinda, yamepasuka kando, moja limepita karibu na mushono. Mimi niko hai, nakaa Kamalondo, nina chombo cha kutobolea mu mufuko wa suruali kila siku ya Mungu sawa padri na rozari yake, na weye umekaa Kasungami unatoboa na musumari! Hapo njo nililia. Usifurahi. Nililia kwa sababu ya ngozi.

Mama Yustina akauliza, "Tumuzike nayo, ao tubakie nayo?"

Nikafikiri. Kuvaa ao kutovaa: yale yale, miaka yote ile, na safari hii hukuwa na kinywa cha kunijibu, wala tarumbeta ya reli haikuwepo, mwenyewe alikufa kabla yako kwa pombe. Nikakuosha. Nikakuvalisha koti lako la misa. Na nikakufunga mukanda juu ya koti, Chui. Juu! Bantu wote baone. Hata tundu lako la mwisho la musumari lilikuwa mbali sana, mukanda ulilegea, ulikuwa umebaki sawa fimbo ya kuni. Basi nikatoa chombo changu, nikatoboa lingine. Moja tu. La mviringo.

Tulipokutoa nje, sanduku ikiwa wazi, bantu balipasuka kwa kicheko. "Mutani amemufunga muzazi!" Acha bacheke. Mama Yustina hakucheka. Aliweka mukono juu ya bukle, akausukuma mukanda kidogo, sawa alivyokuwa anafanya asubuhi.

Mbele ya shimo nilikutukana, yale uliyoyasikia, mujinga, mubishi, kichwa cha mifupa, na kila neno lilikuwa la kweli. Kisha kamba zikaanza kulegezwa. Wale vijana walikuwa wanashusha ovyo, upande mumoja mbele ya mwingine, nikaona utafika umepinda. Nikawaambia basimame. Nikasema kwa sauti ya Sajenti:

"Vuta pumuzi. Jaza tumbo. Shuka."

Ukashuka vizuri. Mugongo sawa kabisa, sijaona muntu ameshuka vizuri namna ile.

"Panda" sikusema. Ile kazi ni ya mapadri, bao njo balituahidi ufufuo, wacha bao bapige kelele siku yake. Lakini weye siku hiyo usiwe na haraka ya kujionyesha mbele ya malaika. Angalia kwanza bukle. Kaza mpaka tundu langu.

Mutani wako, ambaye hasira yake haijaisha,

Mbuzi